Mchele kwenye Bwawa la Samaki

Samaki wa kwanza niliyemwona akijikuna, nilidhani anacheza. Alijisugua ubavu kwenye kigingi kilichosimama bwawani, akazunguka, akajisugua tena, halafu akaruka juu ya maji kama aliyechomwa na kitu. Wengine wawili wakafanya vilevile. Nikacheka peke yangu. Nilikuwa na majuma machache tu Nchelenge, mke mgeni nyumbani kwa mama mkwe, na mengi niliyoyaona huko sikujua kama ni ya kawaida au ya kushangaza.

Mimi ni wa ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo. Nimezaliwa Pweto. Mume wangu hununua samaki kwenye visiwa vya ziwa letu, Kilwa na Chisenga, na biashara hiyo ndiyo iliyomfikisha kwetu. Tuliongea Kiswahili tangu siku ya kwanza, kwa hiyo halikunijia wazo kwamba kwao Kiswahili ni cha sokoni tu, kinabaki gatini pamoja na mizani. Baada ya harusi alinileta kwa mama yake, akakaa nasi kidogo, akarudi visiwani. Nikabaki na mama mjane aliyeongea Kibemba kitupu, na mabwawa mawili nyuma ya nyumba yaliyopata maji kwa mfereji kutoka kijitoni.

Mabwawa yale alikuwa ameyachimbisha mwenyewe. Ziwa hufungwa kila mwaka ili samaki wazaane, na miezi ile mtu asiye na bwawa hula mboga na kutazama maji. Alifuga samaki aina ya pale. Hata jina hilo lilinitesa. Mama mkwe akisema "pale", mimi nageuza shingo kutafuta ni wapi anaponionyesha.

Siku chache baadaye mmoja akaelea pembeni akiwa bado anapumua. Nikamtoa kwa kikapu. Chini ya pezi alikuwa na kidonda chekundu, na katikati ya kidonda kulikuwa na kitu kama uzi mweupe uliochomoza. Nikauvuta kwa kucha. Haukutoka. Nikauvuta tena, ukakatika, na samaki akatikisika mkononi mwangu kwa namna iliyonifanya nimwangushe kwenye nyasi.

Nikamwita mama mkwe. Alikuja akikausha mikono kwenye chitenge, akachuchumaa, akamgeuza samaki mara mbili. Kisha akaongea kwa haraka, maneno mengi, akiangalia bwawa badala ya kuniangalia mimi. Nikaitika, "Ee mukwai," yaani ndiyo ya heshima, kwa sababu ndilo jibu nililokuwa nalo.

Kesho yake alikwenda ofisini kwa watu wa samaki, ambao huko kila mtu huwaita ba fisheri. Aliporudi nilikuwa nafua. Alikuwa amepata habari ya msiba wa ndugu yake Kashikishi na alikuwa mbioni kuondoka tena, kitambaa cha kichwa tayari kimefungwa. Alinishika mkono, akanipeleka hadi bwawani, akanieleza. Nilishika maneno mawili matatu. Beseni. Isabi, yaani samaki. Na mucele. Alilirudia hilo la mwisho, akifanya mkono wake kama anayechota na kumwaga. "Mucele, mwana. Waumfwa?" Umesikia? Nikasema nimesikia.

Na kweli nilisikia, sikuwa na shaka hata kidogo. Kwetu muchele ni muchele. Kilichonikosesha zaidi ni kwamba nilikuwa nimeanza kujifunza. Nilikuwa nimeshajua kwamba wali wao wanauita mupunga, na katika Kiswahili changu mpunga ni ule wenye maganda. Basi nikawaza, mupunga ni ule wa maganda, mucele ni ule uliokobolewa, lugha ni ndugu. Jikoni hakunituma bado kupika. Mgeni hukaa kwanza, nami sikuwahi kusikia akiomba chumvi.

Kwa hiyo nilichukua mchele. Niliwatega samaki kwa kikapu, nikawatia kwenye beseni la maji, nikamwaga mchele kwa mkono kama alivyonionyesha. Nikakaa kusubiri kitokee kitu. Punje zikazama. Samaki mmoja akazionja, akazitema. Nikajieleza kwamba labda wale minyoo wenye umbo la uzi watatoka vidondani kuufuata mchele, ndiyo maana ya dawa. Waliponishinda kwa kutotoka, nikafikiri beseni ni dogo, nikaenda kumwaga mchele uliobaki bwawani.

Mama mkwe aliporudi kutoka msibani, mabata ya jirani yalikuwa yamejaa ukingoni. Maji yalinuka uchachu, na punje zilizovimba zilielea kandokando kama mapovu. Alisimama na mzigo wake bado kichwani.

"Finshi ifi?" akauliza. Hivi ni vitu gani?

"Mucele," nikamjibu, nikiona fahari.

Akatazama maji, akanitazama mimi, halafu akashusha mzigo polepole na kukaa juu yake. Alicheka hadi akafuta machozi kwa ncha ya chitenge. Sikuwahi kumsikia akicheka. Nilisimama nikiwa sijui nicheke naye au nilie. Alipopata pumzi aliingia jikoni, akatoka na pakiti ya chumvi, akanibandika mkononi. "Mucele," akasema. Akashika punje moja iliyovimba, akaniinulia mbele ya macho. "Mupunga."

Jioni ile nilimpigia simu mama yangu. Nilikuwa nampigia karibu kila jioni, nimekaa kwenye ngazi ya mlango, nikiongea kwa sauti yangu yote kwa kuwa hakuna aliyenielewa. Nilimwambia kwamba yule mama hana huruma. Nilimwambia alikuwa ananiangalia kama mbuzi aliyenunuliwa bila kukaguliwa, na juu ya hayo sasa ananicheka. Mama mkwe alikuwa hatua chache kutoka kwangu, akipepeta unga. Ungo haukusimama.

Jambo moja tu lilinikaa moyoni bila kueleweka. Mbemba asiyejua Kiswahili angeona mchele majini na kusema huyu mke ni mwendawazimu. Angejuaje, pale pale, kosa langu limetoka wapi? Nikalisukuma wazo hilo pembeni. Nilikuwa na mengine ya kunichanganya.

Maana kila mtu alikuwa na dawa. Mwanamke mmoja wa kanisani alileta mbegu za papai zilizosagwa, akasema zichanganywe na chakula cha samaki. Jirani mwenye mabata alisema tatizo ni ndege wanaosimama ukingoni, wanaleta uchafu kwa miguu. Ofisa wa samaki mwenyewe, dada mmoja mpole aliyekuja kwa pikipiki, alipiga magoti kwenye tope, akatuonyesha kwa kibano jinsi ya kushika uzi ule karibu na ngozi na kuung'oa na kichwa chake, kwa sababu kichwa kimejichimbia nyamani. Aliongea Kibemba na Kiingereza kwa zamu, na mimi nilidaka vipande. Chumvi ni kwa ajili ya vidonda. Bwawa likauke. Jua. Chokaa. Sikujua kipi kinatangulia, wala jua linaingiaje kwenye ugonjwa wa samaki. Nikadhani anazungumzia hali ya hewa.

Samaki waliendelea kufa. Si wengi kwa mara moja, mmoja asubuhi, siku mbili kimya, halafu wawili. Mama mkwe aliwachoma moto mbali na maji, naye hakucheka tena. Alikuwa akingojea wanawake wa kanisa wapate nafasi waje kusaidia kumwaga maji ya bwawa. Mimi sikulijua hilo. Nilichoona ni mtu anayekaa tu huku samaki wake wakiisha.

Pale sokoni nilikuwa na rafiki mmoja, mama wa kwetu aliyekuwa akivuka na vitenge na mafuta ya mawese. Nilipomweleza alipiga kofi moja kwa furaha, akaongea Kiswahili chetu, ambamo watu ni batu na Kifaransa hakikosekani.

"Me kwa nini haukuniambia mbele? Iko dawa. Dawa ya kweli, ya muzungu." Akaingiza mkono kwenye mzigo wake, akatoa chupa ndogo isiyo na karatasi, maji ya njano ndani. "Bon, sikia muzuri, dada. Kifuniko kimoja kwa bwawa moja. Unamwaga, unakoroga na fimbo. Kesho wadudu wote wamekufa, kwisha."

"Na samaki?"

"Samaki hawana neno. Batu wengi wanafanya hivyo."

Siwezi kueleza raha niliyoipata. Haikuwa dawa iliyonifurahisha, yalikuwa maneno. Tangu nifike, hayo yalikuwa maelekezo ya kwanza niliyoyaelewa kutoka mwanzo hadi mwisho, kila neno mahali pake. Nilitembea kurudi nyumbani nimeificha chupa kwenye kanga. Nilitaka mama mkwe aamke kesho akute samaki wametulia, ajue kwamba huyu aliyeletwa kutoka ng'ambo ana faida.

Nilisimama ukingoni, nikafungua. Harufu ikanipanda puani hadi macho yakatoa machozi. Nikapima kifuniko kimoja, nikanyoosha mkono.

"Acha! Usimwage ile! Utaua batu!"

Nilidhani ni yule rafiki amenifuata. Niligeuka. Alikuwa mama mkwe, anakuja mbio kutoka kwenye viazi, jembe amelitupa nyuma.

"Rudisha kwa chupa. Polepole. Isikumwangikie mukono."

Nikarudisha. Matone mawili yakaanguka kwenye nyasi. Alichukua chupa, akainusa kwa mbali, akaifunga kwa nguvu.

"Minajua hii harufu. Hii ni ya mahindi, ya kuua viwavi. Wadudu watakufa, ndiyo. Na samaki watakufa. Na yule mutu atakula samaki, na mutoto anayechota maji kule chini mufereji unakopita, na mabata, na chura. Nani alikupatia?"

Nilimwambia. Alitikisa kichwa, akaniamuru nikanawe kwa sabuni hadi viwikoni, akachimba nyasi zile zilizodondokewa pamoja na udongo wake. Chupa aliifunga ndani ya mfuko, baadaye akaipeleka kwa ba fisheri ili wao wajue pa kuitupa.

Nilinawa kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Ni maji yalipoanza kunipa baridi mikononi ndipo nilipotambua alikuwa ameongea lugha gani.

Kiswahili. Tena si cha salamu. Kiswahili cha kwetu, cha ziwani, chenye mutu na batu, chenye hasira iliyokamilika. Nikakumbuka ngazi ya mlango. Nikakumbuka jioni zote zile, mbuzi na yote, na ungo ukiendelea kupepeta.

Nilipotoka, nilimkuta anaokota jembe. "Mayo," nikamwita, yaani mama kwa lugha yake, kisha nikaendelea kwa Kiswahili, "nikusaidie viazi?" Hakugeuka. Akanijibu Kibemba, kitu kuhusu kuni. Nikajaribu tena chakula kilipoiva; akanisogezea sahani, Kibemba. Kufikia asubuhi nilikuwa najiuliza kama harufu ya ile chupa ilinipanda kichwani nikasikia yasiyosemwa.

Wanawake wa kanisa walikuja juma lile. Tulikata ukingo upande wa bustani, ili maji yaende kwenye matuta ya viazi na mboga, yasirudi kijitoni kuwapelekea wengine wadudu wetu. Bwawa lilipungua, samaki wakakusanyika katikati wakipiga mikia, nasi tukaingia na vikapu hadi magotini. Ilikuwa kelele na nyimbo na kuteleza. Kila samaki alipita kwenye beseni la maji ya chumvi. Tulimwacha humo hadi alipoanza kulalia ubavu, kisha tukamhamishia maji safi, naye akazinduka. Wale wenye nyuzi walikuja kwangu na kwa mama mkwe, tukawa tumekaa kwenye vigoda viwili tukiwang'oa kwa vibano.

Wanawake walipoondoka kazi ilikuwa haijaisha. Tukabaki wawili. Alikuwa na mkono mwepesi. Mimi nilikuwa nakata nyuzi, naacha vichwa ndani. Alinitazama kidogo, akashika kibano changu na kukishusha.

"Chini zaidi," akasema. "Kwa ngozi. Hapo. Vuta."

Uzi ukatoka mzima, na ncha yake imegawanyika kama kijinanga. Nikauangalia.

"Kumbe unajua Kiswahili, Mayo."

"Najua."

"Tangu zamani?"

"Tangu niko kijana. Niliuzisha samaki Chisenga, wakati mimi na baba ya bwana yako tulikaa kule, kambi ya wavuvi. Wanunuzi wote walitoka kwenu."

Akachukua samaki mwingine. Nikasema lile ambalo sikutaka kulisema.

"Basi ulisikia nilipoongea na mama."

"Minasikia muzuri. Masikio bado mazima."

"Yote?"

"Ile ya mbuzi niliipenda," akasema, bila kuinua macho. Sikuona kama anatabasamu. Uso wake ulikuwa umeinamia beseni.

Niliomba radhi, kwa Kiswahili kisha kwa Kibemba kibovu. Hakuniambia nimesamehewa wala sijasamehewa. Nikamuuliza kwa nini alinyamaza muda wote ule, kwa nini aliniacha nikitangatanga na mucele na pale kama kipofu, na kumbe neno moja tu lingenitoa gizani.

Alifikiri. "Kile Kiswahili nilijifunza kwa kubishana na batu. Nikikisema, ninakuwa mutu wa soko. Sauti yangu mwenyewe inabadilika. Sikutaka uletwe nyumbani kwangu, nianze na wewe kama ninakuuzia kitu." Akang'oa uzi, akaupangusa kwenye jani. "Halafu nilisema, kama nikimufungulia mulango huu, hatajifunza Kibemba. Halafu ulianza kuongea na mama yako, nikachelewa. Ningesemaje?"

Sababu tatu, na kila moja ilikuwa na mantiki yake, na sikujua niamini ipi. Sijui hadi leo. Nadhani hata yeye hakuwa na uhakika.

Mume wangu alipokuja kutoka visiwani, nilimuuliza tukiwa mezani kama anajua mama yake anaongea Kiswahili.

"Mama?" akacheka. "Anajua 'jambo' na 'bei gani'."

Nikamtazama mama mkwe. Alikuwa akimega nshima, ule ugali wa kwao, ameimakinikia. Nikasema labda nilisikia vibaya.

Bwawa lililala wazi juani. Hapo ndipo nilipoelewa lile neno jua la dada wa pikipiki. Tope lilikauka likageuka kijivu, likapasuka vipande ambavyo ungeweza kuviinua kama sahani, na konokono walioshikamana chini wakabaki maganda matupu. Tuliwaondoa hata hivyo. Tukanyunyiza chokaa, tumejifunga vitambaa puani, tukafanana na watu waliotoka kusaga unga. Mdomoni mwa mfereji tukaweka kitambaa cha wavu mwembamba, ili samaki wa kijitoni wasiingie na wageni wao migongoni. Kisha tukangoja, tukajaza maji, tukangoja tena. Bwawa la pili, walimokuwa wamehifadhiwa samaki, nalo lilipata zamu yake.

Samaki waliopona chumvi na vibano tuliwarudisha. Hawakuwa wengi. Kwa muda mrefu nilikwenda kila asubuhi kuangalia kama kuna anayejisugua, na kila aliyeruka juu ya maji alinishtua, ingawa samaki wazima nao huruka. Siku moja nilimtega mmoja nikamgeuza chini ya pezi. Ngozi ilikuwa safi. Wa pili safi. Wa tatu alikuwa na kovu, au labda uzi mchanga unaoanza. Sikuweza kuamua.

Dada wa pikipiki alipopita alisema kazi yetu ni nzuri, na kwamba tusitegemee bwawa lisilo na mdudu hata mmoja, tutegemee samaki wenye nguvu na maji yasiyosongamana. Nilimuuliza ni kipi hasa kilichosaidia. Jua? Chokaa? Chumvi? Kitambaa? Yule wa mbegu za papai naye alikuwa akidai ni mbegu zake, maana mama mkwe alizitia kweli kwenye chakula, kwa heshima tu. Dada akainua mabega, akasema pengine vyote, pengine viwili tu kati ya hivyo.

Mama mkwe akamjibu kwa Kibemba kirefu, akionyesha mfereji, akionyesha mbingu, akinionyesha mimi. Wote wawili wakacheka. Nilielewa karibu nusu. Neno aliloniita mimi sikulijua, na sikuuliza. Nilichukua ndoo ya pumba nikaenda ukingo wa mbali, nikarusha konzi ya kwanza, na pale wakapanda juu kuifuata.